Kuizunguka Rasi ya Cape Town kwa Baiskeli: Bahari Ibaki Kushoto

Wanaoisifu barabara ya Chapman's Peak, ile iliyochongwa ubavuni mwa mlima kati ya Noordhoek na Hout Bay kusini mwa Cape Town, huanza kwa kutaja kona zake 114 zilizobanwa ndani ya kilomita 9, kana kwamba mtu huenda Afrika Kusini ili akahesabu kona. Sifa hiyo ni ya kweli, lakini imewapotosha wageni wengi wa baiskeli, kwa sababu huwafanya waione barabara hiyo kuwa kivutio cha peke yake: hufika Hout Bay kwa gari, hushusha baiskeli, hupanda hadi kileleni, hupiga picha, kisha hurudi walikotoka. Tathmini hii inahusu siku nzima ya kuizunguka rasi, safari ya takriban kilomita 110 inayoanzia na kuishia mjini, ambamo Chapman's Peak ni kipande kimoja kinachokuja wakati miguu imekwisha kuchoka. Hukumu yangu naitoa mapema. Hii ni miongoni mwa siku bora ambazo mwendesha baiskeli wa kawaida, asiye mwanariadha, anaweza kuzipata katika bara letu, kwa masharti mawili: aizunguke rasi kwa upande unaofaa, na auheshimu upepo.

Upande unaofaa ni kushuka kusini kwa pwani ya mashariki, yaani ya ghuba ya False Bay, na kurudi kaskazini kwa pwani ya magharibi inayotazama Atlantiki. Afrika Kusini huendesha kushoto kama sisi wa Kenya, Uganda na Tanzania, kwa hiyo mgeni wa kutoka kwetu hana la kujifunza barabarani. Faida yake ni kwamba, akifuata mwelekeo huo, bahari itakuwa mkono wake wa kushoto karibu siku nzima. Jambo hili linaonekana dogo kwenye ramani, lakini barabarani ndilo linaloamua thamani ya safari. Anayekwenda hivyo hana gari kati yake na maji, na kila sehemu ya kusimama iliyojengwa ukingoni huiingia moja kwa moja bila kukatiza njia ya wanaokuja mbele. Anayezunguka kinyume hubanwa upande wa mlima, huitazama bahari juu ya mapaa ya magari, na kila akitaka kusimama hulazimika kuvuka barabara yenye kona zisizoona mbali. Nimekutana na wapangaji wa safari wanaowapeleka wateja wao kinyume ili wamalize kupanda Chapman's Peak asubuhi wakiwa na nguvu, na sioni kama nguvu hizo zinafidia kinachopotea.

Mwelekeo ninaoupendekeza ndio pia unaofuatwa na mashindano ya Cape Town Cycle Tour, yaliyoanza mwaka 1978 na ambayo sasa hufanyika kila Machi kwa njia ya kilomita 109, yakiwakusanya waendeshaji kwa makumi ya maelfu. Hata hivyo, siku ya mashindano na siku ya kawaida ni vitu viwili tofauti, na msomaji asidanganywe na picha za barabara tupu. Siku hiyo barabara hufungwa kwa ajili ya baiskeli, na washiriki hutoka mjini kwa njia kuu ya magari ya M3, ambayo siku nyingine baiskeli haziruhusiwi kuitumia. Siku ya kawaida mtu hutoka kwa Main Road, akipita Woodstock, Observatory, Rondebosch na Wynberg hadi Muizenberg, na kipande hiki cha kilomita 25 hivi ndicho kibaya kuliko vyote. Taa za barabarani hufuatana, teksi za abiria husimama popote abiria alipo, milango ya magari yaliyoegeshwa hufunguka bila taarifa, na hakuna bahari ya kumliwaza mtu. Anayeondoka kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, hasa siku ya Jumapili, hukikuta kimetulia. Anayeondoka saa mbili atafika Muizenberg akiwa ameshachoka akili. Mwenye usafiri wa kubeba baiskeli hatakosa heshima yoyote akianzia Muizenberg.

Kuanzia hapo safari hubadilika kabisa. Barabara hupita kati ya reli na nyumba, katika vijiji vya pwani vinavyoshikana: Muizenberg na vibanda vyake vya rangi vya waogeleaji, St James, kisha Kalk Bay yenye bandari ndogo ya wavuvi. Lami ni nzuri, milima ni midogo, na upana wa barabara ndio kasoro, maana mahali pengi hakuna bega la barabara na mwendesha baiskeli hugawana njia na kila gari. Mwendo wa magari lakini ni wa polepole, na madereva wa huku wamezoea baiskeli. Baada ya Fish Hoek na Glencairn unafika Simon's Town, mji wa kambi ya jeshi la majini, ambao ni mahali pa mwisho pa kununua chakula cha uhakika kabla ya sehemu kame ya safari. Nakushauri ule hapa hata kama njaa haijauma.

Ng'ambo kidogo ya mji kuna ufuko wa Boulders na pengwini wake. Kundi hili lilianza kuzaliana hapa mwaka 1982 kwa jozi mbili tu, likaongezeka katikati ya nyumba za watu, na leo linalindwa na idara ya hifadhi za taifa inayotoza kiingilio mlangoni. Mwaka 2024 pengwini wa Afrika aliwekwa katika daraja la viumbe walio hatarini kabisa kutoweka, kwa hiyo sitamwambia mtu asisimame. Nitasema tu kwamba baiskeli haiingii kwenye njia za mbao za kutazamia ndege hao, hivyo lazima mmoja wenu abaki nje akizilinda, na kwamba mabasi ya watalii yakishafika foleni hula muda ambao utauhitaji baadaye. Ambaye atafika mapema aingie. Ambaye atakuta mabasi apite, kwani kutoka barabarani karibu na maegesho mara nyingi huonekana pengwini wachache waliojitafutia vichaka vyao bila kumwomba mtu ruhusa.

Kutoka Simon's Town nyumba huisha, na mlima wa kwanza wa kweli huanza kupanda kuelekea juu ya ghuba ndogo ya Smitswinkel. Si mkali, ila ni mrefu kuliko unavyodhania, kwa sababu kila pindo la mlima huonekana kama la mwisho. Hapa ndipo nilipoithamini barabara hii kuliko mahali pengine popote, kuliko hata kwenye kona zile maarufu: magari ni machache, False Bay yote imelala chini yako, na mwinuko ni wa kiasi kinachomruhusu mtu kupumua na kutazama kwa wakati mmoja. Nyani hukaa maeneo haya, nao ni wajuzi wa mikoba. Kuwalisha ni kosa la kisheria, na kusimama ukila ndizi mbele yao ni namna nyingine ya kuwalisha. Maduka ni haba mno hadi ng'ambo ya pili ya rasi, kwa hiyo chupa mbili za maji zilizojaa ni lazima wakati wa kiangazi.

Juu ya mlima kuna lango la hifadhi ya Rasi ya Tumaini Jema, na kila kundi husimama hapo likijadiliana kama liingie. Ushauri wangu ni kutoingia siku hiyo. Kutoka langoni hadi Cape Point ni zaidi ya kilomita kumi za vilima visivyo na kivuli, na njia ya kurudi ni hiyohiyo, kwa hiyo mtu huongeza robo nzima ya safari na kiingilio juu yake, kisha hufika Chapman's Peak jioni akiwa hana hamu nayo. Isitoshe, wengi huingia wakiamini wanakwenda kusimama kwenye ncha ya kusini kabisa ya Afrika, ambayo haipo hapo. Ncha hiyo ni Agulhas, mbali upande wa mashariki. Rasi hii aliyoipita baharia Mreno Bartolomeu Dias mwaka 1488 inastahili siku yake yenyewe.

Kuvuka kwenda pwani ya Atlantiki ni rahisi, mteremko mrefu unaokufikisha Scarborough. Misty Cliffs inafuata, mahali ambapo mawimbi hurusha ukungu wa chumvi hadi barabarani na miwani hulazimika kufutwa, kisha kilima kingine, kisha Kommetjie na mnara wake wa taa wa Slangkop, mnara mweupe wa chuma wenye urefu wa mita 33 unaofanya kazi tangu mwaka 1919. Kati ya Kommetjie na Noordhoek barabara huingia ndani, bahari hupotea, na magari huongezeka. Pita.

Sasa Chapman's Peak. Jina limetokana na John Chapman, baharia Mwingereza aliyetumwa pwani mwaka 1607 kutoka meli ya Consent kwenda kutafuta chakula. Barabara yenyewe ilianza kujengwa mwaka 1915 na kufunguliwa mwaka 1922, sehemu kubwa ya kazi ikifanywa na wafungwa. Wahandisi walikuwa na ujanja mmoja ambao mwendesha baiskeli anaweza kuusoma kwenye ukuta wa mlima huku akipita, jambo ambalo mwenye gari hana muda nalo. Chini ni mwamba wa matale mgumu, uliopoa ndani ya ardhi yapata miaka milioni 540 iliyopita. Juu yake yamelala matabaka ya mawe ya mchanga na udongo, yenye rangi ya kutu, ambayo ni laini zaidi. Barabara ilipitishwa pale matabaka hayo mawili yanapokutana, matale yakawa sakafu na mawe laini yakakatwa. Ndiyo maana mwinuko wake ni wa taratibu na haurukiruki: inafuata mstari ambao mlima wenyewe ulikuwa umeuchora.

Ujanja huohuo ndio uliozaa tatizo. Mawe yaliyokatwa hayakuacha kuanguka, na baada ya jiwe kumuua mtu mmoja, barabara ilifungwa mwaka 2000 na kubaki hivyo hadi mwishoni mwa mwaka 2003, ilipofunguliwa tena kama barabara ya kulipia, ikiwa na nyavu kubwa za chuma za kudakia mawe na sehemu iliyochimbwa chini ya mwamba unaoning'inia, ambapo upande mmoja ni ukuta na upande mwingine ni bahari tupu. Ushuru hulipwa na magari. Waendesha baiskeli hupita bure. Nikiipima kama huduma, basi, sina budi kusema kwamba hii ni huduma ya kiwango cha juu inayotolewa kwa mtu ambaye hakuilipia: lami laini, kingo za mawe imara, sehemu nyingi za kusimama, na magari machache kuliko ambavyo yangekuwepo kama njia ingekuwa ya bure kwa wote. Kwa upande wa pili wa mizani kuna kufungwa kwake. Mvua kubwa, upepo mkali au moto mlimani huweza kuifanya ifungwe kwa watu wote, baiskeli zikiwemo, na aliyefika Noordhoek bila kuulizia hali ya barabara asubuhi atalazimika kuuvuka mlima kwa Ou Kaapse Weg, ambayo ni kali zaidi na yenye magari mengi zaidi.

Kutoka Noordhoek, kupanda huja kwa awamu mbili. Kwanza kuna kilima kifupi ambacho wenyeji hukiita Little Chappies, kisha mteremko mdogo wa kupumzikia, kisha kupanda kwenyewe. Ukigeuka nyuma katika awamu ya kwanza unauona ufuko wa Noordhoek wote, mchanga mweupe wa kilomita 8 unaokwenda hadi Kommetjie ulikotoka, na huo ndio mwonekano bora wa safari kwa macho yangu, ingawa picha nyingi hupigwa upande wa pili, juu kileleni, ambako Hout Bay na mlima wa Sentinel hujitokeza ghafla. Kilele cha barabara hakifiki mita 200 juu ya bahari. Mtu mwenye gia nyepesi na asiye na haraka hatalazimika kushuka kwenye baiskeli, na wanaoitaja barabara hii kwa hofu huenda waliipanda kwa baiskeli isiyofaa. Mteremko wa kwenda Hout Bay unahitaji adabu zaidi ya kupanda, kwa kuwa kona nyingi zimejificha na watalii huegesha magari mahali wasipopaswa. Breki zishikwe kabla ya kona, si ndani yake.

Mlima unaoumiza kweli ni Suikerbossie, unaoanza mara tu unapotoka Hout Bay, wakati kilomita tisini hivi zimeshapita miguuni na kila mtu ameshajipongeza kwa kumaliza Chapman's Peak. Ni mfupi, hauna mandhari ya kutosha kumsahaulisha mtu, na magari ya watu wanaorudi mjini ni mengi. Ukifika juu karibu na Llandudno kazi imekwisha. Kutoka hapo hadi Camps Bay ni mteremko na tambarare chini ya vilele vya Twelve Apostles, maji yakiwa kushoto bado, na baadaye Sea Point.

Kuhusu upepo, nitakuwa mkali kidogo kwa sababu wanaouza safari hizi huutaja kwa sauti ya chini. Upepo wa kusi-mashariki, ambao wenyeji huuita daktari wa Cape kwa imani kwamba huusafisha mji, huvuma hasa kuanzia Oktoba hadi Machi, na siku ukikasirika hauna mzaha: mwaka 2017 uliyafanya mashindano yafutwe siku yenyewe, washiriki wakiwa wamefika mwanzoni mwa njia na baiskeli zikipeperushwa mikononi mwao. Habari njema ni kwamba mwelekeo wa safari ninaoupendekeza unakubaliana nao, kwa kuwa asubuhi, upepo ukiwa bado mnyonge, unakutana nao usoni ukishuka False Bay, na alasiri upepo ukishapata nguvu unakusukuma kurudi nyumbani. Hatari iko kwenye kona, ambapo mtu hutoka kwenye kivuli cha mlima na kupigwa ubavuni bila kutarajia, na magurudumu yenye rimu pana huuzidisha mkwaju huo. Miezi ninayoipenda ni Machi mwishoni na Aprili: upepo umepungua, joto limelegea, na mvua za baridi za Juni hadi Agosti, ambazo ndizo hufunga Chapman's Peak mara nyingi, bado hazijaanza.

Sheria ziko upande wa mwendesha baiskeli kwa kiasi cha kuridhisha. Jimbo la Western Cape humtaka dereva aache nafasi ya usalama anapoipita baiskeli, na kwa upande wao waendesha baiskeli hutakiwa kuvaa helmeti na kwenda mmoja nyuma ya mwingine, agizo ambalo makundi ya wenyeji hulivunja kila Jumamosi bila haya. Niliona nafasi hiyo ikiheshimiwa vizuri pwani na vibaya karibu na mji. Kwa usalama wa mali na mwili ni bora kwenda wawili au zaidi, simu isiachwe ikining'inia kwenye usukani mahali pasipo na watu, na hesabu ifanywe ili giza lisikukute barabarani. Desemba na Januari jua huzama karibu saa mbili usiku, lakini Aprili halikupi muda huo.

Imebaki baiskeli yenyewe, niliyoikodi katika duka moja la mjini ambalo halina haja ya kutajwa. Ilikuwa ya barabarani, fremu ya alumini, breki za diski, tairi za milimita 28, na gia ya nyuma yenye meno ya kutosha kumpandisha mtu wa makamo juu ya Suikerbossie akiwa ameketi. Ilifanya kazi bila kelele siku nzima, na fundi alichukua muda kurekebisha urefu wa kiti na kunipa kufuli bila kuombwa. Kasoro ilikuwa kwenye kifurushi cha akiba kilichofungwa chini ya kiti: tyubu iliyomo ilikuwa na valvu fupi isiyoweza kutokeza kwenye rimu ile pana, maana yake pancha yoyote kule Smitswinkel ingekuwa mwisho wa safari, kwani mtu angekuwa na tyubu mpya asiyoweza kuijaza upepo. Niliikagua kabla ya kuondoka na ikabadilishwa papo hapo kwa radhi nyingi, ila kundi lililokuwa mbele yangu lilikuwa limeshaondoka na vifurushi vya aina hiyohiyo. Ningekodi tena hapo, kwa bei ileile, na ningefungua kifurushi tena mbele ya fundi, niitie valvu ya tyubu kwenye tundu la rimu kabla ya kutia sahihi.